Kabla ya kununua mashine ya kufulia, uliza kwanza dumu la maji ni bei gani

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Wiki hii tunaweka kando bei za mchele, dengu na pamba ili kujibu swali ambalo wafanyabiashara wadogo wa Kahama, Katoro na Geita mjini wamekuwa wakiulizana: je, kwa mtaji wa shilingi milioni moja na nusu au mbili, mashine ya kufulia nguo ni kitegauchumi au ni mzigo?

Swali hili halikuja bure. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi 2025, na ilipofika Oktoba mwaka huo ilikuwa imevuka dola 4,000. Tangu soko la kwanza la madini nchini lizinduliwe Geita Machi 2019, mchimbaji mdogo anauza mzigo wake karibu na duara lake na fedha inabaki mjini. Fedha hiyo inalala gesti, inakula hotelini na inachafua shuka. Kila nyumba ya wageni inayofunguliwa Runzewe, Masumbwe, Kakola au Segese inahitaji mtu wa kufua, na dobi wa mkono peke yake hawezi tena kazi hiyo, hasa wakati wa masika.

Ndipo watu wanapokwenda dukani. Na dukani mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, hii ndiyo inatoka sana."

"Bei yake ya mwisho, baba?"

Mama analipa, mashine inapakiwa kwenye bajaji, na hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi.

Makala hii inataka kumwonyesha msomaji kuwa katika ukanda wetu kinachoamua mashine ipi ina nafuu ni gharama ya maji yanayofika mlangoni kwako. Ukijua hiyo, nusu ya uchaguzi umekwisha. Nusu nyingine ni fundi na spea. Rangi, taa na idadi ya programu ni mambo ya mwisho.

AINA TATU ZA MADUKANI

Ya kwanza ni mashine ya matundu mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Unajaza maji mwenyewe, unazungusha taima, kisha unahamisha nguo kwa mkono. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

Ya pili ni otomatiki ya kufungulia juu. Inajaza, inafua, inasuuza na kukamua yenyewe ndani ya pipa moja lililosimama. Bei yake ni ya katikati, lakini kwa maji ni mlafi, kwani nguo lazima zielee. Kwa mzunguko mmoja wa kilo saba inaweza kutumia lita 120 hadi 150.

Ya tatu ni ya mlango wa mbele. Pipa lake limelala, nguo zinapanda na kuanguka ndani ya maji machache, kiasi cha lita 45 hadi 60 kwa mzunguko wa kilo saba. Hii ndiyo wataalamu wanayoiita ya matumizi madogo. Bei yake ya kununulia ndiyo inayowatisha wengi.

Zipo pia mashine kubwa za kilo 15 na kuendelea kwa ajili ya hospitali na kambi za migodi. Hizo ni za mwenye mkataba mkononi na uwezo wa kusubiri malipo ya mwezi mmoja au miwili. Hatuzizungumzii leo.

HESABU YA DUMU

Tuchukue gesti ya vyumba 12. Kila chumba kina shuka mbili, foronya mbili na taulo. Weka mzigo huo juu ya mizani na utakuta kama kilo mbili. Vyumba vikijaa vyote, ni kilo 24 kwa siku, yaani mizigo minne ya mashine ya kilo saba usipoijaza kupita kiasi. Kwa siku 26 za kazi ni mizigo 104 kwa mwezi.

Sasa maji. Mashine ya matundu mawili, ukijaza mara moja kufua na mara mbili kusuuza, itameza kama lita 150 kwa mzigo. Ya mlango wa mbele tuiwekee lita 50. Tofauti ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20.

Tuseme unakaa mahali ambapo maji huletwa kwa mkokoteni au pikipiki na dumu linafika mlangoni kwa Sh. 300/-. (Kama kwako ni 200 au 500, badilisha tarakimu na uendelee na hesabu.) Madumu matano ni Sh. 1,500/- kwa kila mzigo. Mara 104, ni Sh. 156,000/- kwa mwezi zinazomwagika mtaroni kwa sababu tu ya aina ya mashine.

Tuseme pia mashine ya matundu mawili inauzwa Sh. 450,000/- na ya mlango wa mbele Sh. 1,250,000/-. Tofauti ya bei ni Sh. 800,000/-. Igawe kwa 156,000 na utaona inarudi ndani ya miezi mitano na siku chache. Mwenye mkopo wa vikoba wa miezi sita anaweza kulala usingizi.

Lakini hamisha biashara hiyohiyo uipeleke nyumba yenye bomba la mamlaka ya maji, na tuseme yuniti moja, yaani lita 1,000, ni Sh. 2,000/-. Zile lita 100 za tofauti sasa zina thamani ya Sh. 200/- tu. Kwa mizigo 104 ni Sh. 20,800/- kwa mwezi. Kurudisha Sh. 800,000/- hapo itachukua zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka mitatu mengi yanaweza kuharibika.

Kwa hiyo mashine moja, kazi moja na mteja mmoja vinatoa majibu mawili tofauti. Anayekwambia mashine fulani ni nafuu bila kukuuliza unapata wapi maji anakuuzia bati.

Hapa ndipo ramani ya mabomba inapokuwa habari ya biashara. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama kwa mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye yakasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mfanyabiashara wa Shinyanga mjini au Kahama mwenye bomba la uhakika yuko upande wa hesabu ya pili. Geita, pamoja na ukaribu wake na ziwa, kwa miaka mingi imelia maji. Mji huo uliingizwa katika mradi wa miji 28 kwa mkopo wa Exim Bank ya India, ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022. Kabla ya kununua, nenda ofisi ya mamlaka ya maji uulize mtaa wako unapata maji siku ngapi kwa wiki. Jibu hilo ni bure na lina thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Jambo jingine ni aina ya maji. Maji ya ziwa ni laini na sabuni inatoa povu upesi. Maji ya visima vingi vya Shinyanga yana chumvi. Sabuni inakatika, taulo zinakuwa ngumu kama ngozi, na chumvi inaganda kwenye kipasha moto cha mashine. Mwenye kisima cha namna hiyo afue kwa maji baridi.

PRESHA NA SIMTANKI

Wale wa hesabu ya kwanza wasikimbilie dukani bado. Penye maji ya dumu hapana presha, na mashine ya mlango wa mbele haijazwi kwa ndoo. Nyuma yake au kwenye kitabu chake kumeandikwa presha ya chini inayohitajika, mara nyingi 0.05 MPa, nyingine 0.03. Tafsiri yake ni rahisi: kila mita moja ya urefu kutoka mashine hadi tanki ni 0.01 MPa. Kwa hiyo 0.05 ni mita tano na 0.03 ni mita tatu. Tanki lililowekwa juu ya matofali manne halitoshi. Mashine itasubiri maji, itachoka na kuandika kosa kwenye kioo, na fundi atalipwa kwa ugonjwa usiokuwepo.

Ongeza basi gharama ya simtanki la lita 1,000, mnara wake na pampu ndogo ya kupandishia maji. Tuseme yote yanagharimu Sh. 450,000/-. Mtaji wa ziada sasa ni Sh. 1,250,000/-, na kwa akiba ya Sh. 156,000/- kwa mwezi unarudi baada ya miezi minane. Bado ni biashara nzuri, ila siyo ile ya miezi mitano, na mwenye mkopo wa miezi sita ajue hivyo kabla hajaweka sahihi.

Kama huwezi mnara, nunua ya matundu mawili bila aibu, na upunguze maji kwa akili. Maji ya povu yaliyofua shuka nyeupe yatafua za rangi, kisha mapazia au ovaroli. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yatakuwa maji ya kufulia mzigo unaofuata. Ukifanya hivyo lita 150 zinaweza kushuka hadi 100 au chini ya hapo. Otomatiki ya kufungulia juu haikupi nafasi hiyo kirahisi, kwani inamwaga yenyewe. Kwa maoni ya safu hii, mashine hiyo ni ya nyumbani penye bomba la kudumu. Kwa biashara ya maji ya dumu ndiyo mbaya kuliko zote tatu.

LUKU HAINA UBAYA WANAOUSEMA

Wengi wanaogopa umeme. Tuangalie. Mota peke yake kwa mzigo mmoja wa maji baridi inatumia kama robo ya yuniti au chini yake, tuseme 0.2. Kinachokula umeme ni kupasha maji. Lita 15 kutoka nyuzi joto 25 hadi 60 zinahitaji yuniti 0.6, na ukijumlisha mota unapata 0.8.

Kwa bei za TANESCO zilizoanza Aprili 2016, mteja wa kundi la T1 hulipa Sh. 292 kwa yuniti, na pamoja na kodi na tozo inakaribia Sh. 360. Mzigo wa maji baridi ni kama Sh. 72/-, wa maji moto ni kama Sh. 288/-. Kwa mizigo 104, ni Sh. 7,500/- dhidi ya Sh. 30,000/- hivi kwa mwezi. Linganisha na zile 156,000 za maji uone kipi cha kuogopa.

Tahadhari moja kwa wanaofulia nyumbani. Kundi la D1, la matumizi madogo ya majumbani yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, lilipangiwa Sh. 100 kwa yuniti kabla ya kodi. Mizigo 104 ya maji moto ni yuniti 83 peke yake, kabla hujawasha taa wala friji. Umetoka kwenye kundi hilo. Mizigo hiyohiyo kwa maji baridi ni yuniti 21.

Tatizo la kweli la umeme wetu ni kupanda na kushuka. Penye karasha na mafundi wa kuchomelea kwenye laini moja, taa hupepesa mchana kutwa. Ya matundu mawili, yenye taima ya kuzungusha, huvumilia. Ya mlango wa mbele ina bodi ya elektroniki, na bodi ikiungua ndiyo spea ghali pengine kuliko zote. Weka kinga inayokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Ukitaka stabilaiza kwa mashine inayopasha maji, kumbuka kipasha moto huvuta kilowati mbili hivi. Stabilaiza ndogo ya televisheni itaungua kabla ya mashine. Na jenereta ndogo ya kilowati moja itafua maji baridi tu.

KUSOMA KIBANDIKO

Mashine nyingi zina kibandiko cha rangi cha Ulaya. Tangu Machi 1, 2021 kibandiko hicho kina herufi A hadi G tu. Ukikuta A+++ jua huo ni mtindo wa zamani, na mashine ina miaka yake hata kama muuzaji anaapa imeshushwa juzi. Siyo ubaya, ila bei iendane.

Kibandiko kipya kinataja yuniti za umeme kwa mizunguko 100 na lita za maji kwa mzunguko mmoja. Hiyo namba ya lita ndiyo uiandike kwenye karatasi yako. Kile cha zamani kilitaja matumizi ya mwaka mzima kwa makadirio ya mizunguko 220. Gawa kwa 220 utapata mzunguko mmoja. Kama kilichoandikwa ni lita 11,000, basi ni lita 50 kwa mzunguko.

Namba hizo, hata hivyo, ni za programu ya kubana matumizi, na programu hiyo inaweza kuchukua saa tatu na zaidi. Mizigo minne kwa mwendo huo ni saa 12, na mgeni wa saa nane mchana hatasubiri shuka. Mwenye gesti atatumia programu fupi ya maji baridi, ya saa moja hivi. Ya matundu mawili itamaliza mzigo kwa dakika 45, lakini lazima mtu asimame pale. Ukimlipa kijana kwa siku, posho yake iingie kwenye hesabu. Ukiwa na mwanafamilia anayelinda duka huku akifua, ni hesabu nyingine.

FUNDI YUKO WAPI?

Hapa ndipo safu hii inapoweka uzito wa pili baada ya maji. Mashine imara ni ile ambayo fundi wa mji wako ameshaifungua mara kumi. Kabla ya kuchagua jina, nenda kwa fundi wa friji na mashine, mwamkie vizuri, mwombe akuonyeshe mabovu yaliyorundikwa uani kwake. Utajua kipi kinaharibika na kipi kina spea. Majina makubwa kama LG, Samsung na Hisense yana faida moja ya wazi, nayo ni kwamba yameuzwa kwa wingi, kwa hiyo hata mashine iliyokufa inatoa pampu na mota za kuokoa nyingine.

Muulize fundi swali moja: pipa la nje la mashine hii limefungwa kwa boliti au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani? Beringi za pipa huchakaa. Kwenye pipa la boliti unabadilisha beringi na sili tu. Kwenye pipa lililounganishwa unaambiwa ununue pipa zima, na bei yake inakaribia ya mashine iliyotumika. Muuzaji wengi hawajui jibu. Fundi anajua.

Uliza pia garantii. Kampuni nyingi hutoa garantii kwa matumizi ya nyumbani tu. Ukiandikisha kuwa ni ya biashara ya udobi, inaweza isikuhusu. Soma karatasi kabla ya kulipa, dai risiti ya EFD yenye jina la mashine, na uandikiwe ni karakana ipi itakayohudumia. Kwa watu wa Geita hali imekuwa rahisi kidogo: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limeondoa foleni ya kivuko, na spea kutoka Mwanza haingoji tena zamu ya meli.

Barabara za vumbi nazo zina sumu yake. Mashine ya mlango wa mbele husafirishwa ikiwa na boliti tatu au nne nyuma, za kuzuia pipa lisicheze. Zitolewe kabla ya kuwasha, la sivyo mashine itaruka chumba kizima na kujivunja. Watu wengi huzitoa na kuzitupa. Zitunze kwenye kopo, kwani siku ukihama kutoka Katoro kwenda Ushirombo bila boliti hizo, spring na vizuizi vya pipa vitafika vimechoka. Na sakafu iwe ya zege, iliyosawazishwa.

MCHANGA, POVU NA ZEBAKI

Nguo za ukanda huu zinakuja na udongo mwekundu na mchanga wa kifusi. Mchanga unakwangua sili na kujaza chujio la pampu. Ovaroli zikung'utwe nje, ziloweshwe kwenye karai, maji ya kwanza yamwagwe, ndipo ziingie mashineni. Chujio, lile la chini mbele, lifunguliwe kila Jumamosi. Utakuta misumari, sarafu na vijiwe. Dhahabu bado hatujasikia.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo linazuia nguo kuanguka, linapanda hadi kwenye kisanduku cha sabuni, na mashine inasuuza mara mbili zaidi kulitoa. Akiba yote ya maji imepotea. Nunua yenye picha ya mashine kwenye pakiti, na kama huna, tia kidogo sana.

La zebaki ni zito kuliko hayo. Rwamagasa, Nyarugusu na mialo mingine mingi, wachimbaji wadogo wamekuwa wakikamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini nguo za anayefanya kazi hiyo zinaendelea kufika kwa dobi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inaonya kuwa nguo iliyoingia zebaki isifuliwe kabisa kwenye mashine, maana zebaki inabaki ndani ya mashine na kutoka na maji machafu. Maana yake ni kwamba shuka za wageni na nguo za watoto wako zitafuata kwenye pipa lilelile. Mteja wa mwalo mwambie kwa adabu kuwa nguo za kuchomea hupokei. Utapoteza shilingi elfu chache kwa wiki.

ZA MITUMBA

Mwenye mtaji mdogo ataangalia iliyotumika, na si kosa. Mashine nzuri ya mlango wa mbele kutoka Uingereza au Dubai inaweza kuishi miaka mingi, na umeme wa huko ni kama wetu, volti 220 hadi 240 na 50 Hz, hata plagi ni ileile. Za Japani ni volti 100. Za Marekani ni volti 120 na 60 Hz. Saudi Arabia na Korea Kusini wanatumia 60 Hz pia. Kwa mashine ya mota ya kawaida, tofauti hiyo inabadilisha mwendo na kuipasha mota moto.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka iliyopita nilinunua ya matundu mawili iliyotoka Japani kwa mtu aliyeniambia "ni orijino, kaka". Ilikuwa orijino kweli. Nilichomeka ukutani, ikalia kama nyuki, ikatoa moshi, na fundi akanionyesha kwa kidole maandishi ya volti 100 yaliyokuwa nyuma yake siku zote. Fedha ile ilikuwa ya ada ya shule.

Kwa hiyo anza na kibandiko cha nyuma. Kisha fungua mlango, shika ukingo wa pipa la ndani, liinue na kulishusha. Likicheza peke yake bila pipa la nje, beringi zimekwisha. Lizungushe kwa mkono usikilize; mlio wa kusaga ni beringi hizohizo. Kunjua mpira wa mlango uangalie mipasuko na ukungu. Chungulia chini kama kuna kutu au michirizi ya maji. Halafu omba iwashwe ikiwa na maji na taulo mbili tatu ndani, ikamue hadi mwendo wa mwisho. Zoezi zima ni kama nusu saa. Kuwashwa bila maji kwa dakika moja huku muuzaji anaongea hakuhesabiki, na kama anasema leo hakuna maji, mwambie utarudi kesho na madumu yako mawili.